Bustani ya Vitu Vikuukuu Isiondolewe

Nimeona vyema niandike machache juu ya jambo lililozungumzwa sana muhula huu, bwaloni na mabwenini, nalo ni bustani iliyo mbele ya jengo la utawala. Wapo wanaosema kwamba bustani ile iondolewe kabla ya mahafali ya kidato cha nne, maana imepambwa kwa vitu vikuukuu, na wageni wakija watatucheka. Mahali pake, wanasema, kila mzazi atoe mchango wa shilingi 6,000 ili vinunuliwe vyungu vya saruji na sanamu za twiga, kama zile ziuzwazo kando ya barabara. Mimi sikubaliani na shauri hilo. Kwa kuwa gazeti letu husomwa na wanafunzi, walimu na wazazi pamoja, nataka nizieleze sababu zangu hapa, ili kila mmoja apate kuzisoma na kuzipima mwenyewe.

Kwanza yafaa niwaeleze wale ambao hawajaiona bustani yenyewe. Mahali pale palikuwa pakavu, pana mchanga na changarawe tupu, na kila mvua iliponyesha maji yalishuka kutoka mlimani yakachimba mifereji hadi mlangoni mwa ofisi. Mwaka jana, tulipokuwa kidato cha tatu, chama chetu cha mazingira kilipewa ruhusa ya kupatengeneza. Ruhusa tulipewa, fedha hatukupewa, kwa sababu hazikuwapo. Basi tukaenda kutafuta vitu ambavyo watu hawavitaki tena.

Mvuvi mmoja alitupa mtumbwi wake mkuukuu aliouacha ufukweni kwa kuwa mbao za chini zilikuwa zimeoza, nasi tukauleta kwa mkokoteni. Gereji moja ilitupa matairi tisa. Fundi baiskeli alitupa ringi saba zilizopinda. Mafundi waliojenga darasa jipya walituachia vigae vya sakafu vilivyovunjika pamoja na saruji kidogo iliyosalia. Sahani na vikombe vilivyovunjika tulivipata katika nyumba za walimu. Wavuvi wa dagaa walitupa nyavu zilizochakaa, na chupa za kioo tuliziokota wenyewe. Mawe hatukuyatafuta, maana hapa Mwanza mawe ndiyo yanayomtafuta mtu.

Sasa, jambo ambalo wapita njia wengi hawalioni ni kwamba kila kitu kilichomo mle kina kazi yake. Mawe na chupa vimepangwa kwa mistari kuukata mteremko, ili maji ya mvua yapunguze mbio na udongo usichukuliwe. Matairi yamezikwa nusu pembeni, yameshika kingo. Mtumbwi umejazwa udongo na samadi, ukapandwa mshubiri na mchaichai. Ringi za baiskeli zimesimamishwa ili maua yatambaayo yapate pa kupanda. Nyavu zimezunguka bustani nzima, na tangu ziwekwe mbuzi na kuku wa jirani hawajaingia. Vigae na vipande vya sahani vimepachikwa katika benchi la saruji, na Jumapili za kutembelewa wazazi huketi pale wakizungumza na watoto wao. Mwaka huu mvua za masika zimekuja na kupita, wala mlango wa ofisi haukuingia matope.

Haya, na tuyatazame maneno ya wapinzani wetu moja moja.

Neno lao la kwanza ni kwamba takataka ni takataka, hata ukiipaka rangi. Nasema sivyo. Kitu hakizaliwi takataka. Huwa takataka kwa sababu ya mahali kilipo na kwa kukosa kazi. Dagaa wakianikwa juu ya chanja ni chakula na ni fedha, lakini dagaa hao hao wakimwagika juu ya kitabu cha Hesabu ni uchafu. Tairi likitupwa mtaroni ni takataka. Likishika udongo wa kingo, limepata kazi. Wazee wa pwani walitufundisha: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu, nao una faida yake kwa mtu ajuaye kuutumia.

Tena jambo hili si geni kwetu. Katikati ya jiji la Mwanza upo mtaa uitwao Makoroboi. Jina lake latokana na koroboi, ile taa ndogo ya mafuta ya taa iliyotengenezwa kwa kopo. Mafundi wa mahali pale wamejulikana kwa kuyageuza makopo na mabati yaliyotupwa kuwa vyombo vya nyumbani. Wapo wazee wengi wa mkoa huu waliosoma kwa mwanga wa koroboi, wala hatujasikia aliyekataa kusoma eti kwa kuwa taa yake ilikuwa kopo. Kadhalika wapo waliokwenda shule wamevaa katambuga, viatu vya tairi la gari, na miguu yao ikafika salama.

Hata pambo la vyombo vilivyopachikwa ukutani si mchezo wa watoto. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na huko Mambrui, kaskazini ya Malindi katika nchi ya Kenya, yapo makaburi ya zamani yenye nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Waashi wa kale walipachika humo sahani na bakuli za kauri kutoka China. Sisemi kwamba vyombo vile vilikuwa takataka, maana vilikuwa mali ya thamani iliyoletwa kwa majahazi. Nasema tu kwamba waashi wale walijua ya kuwa kazi ya sahani haiishi mezani, na kwamba ikipachikwa kwa utaratibu mahali panapostahili, hupendeza kwa mamia ya miaka. Basi mwenye kulicheka benchi letu ajue kwamba anacheka ufundi wa siku nyingi katika Afrika Mashariki.

Neno lao la pili ni zito zaidi, nalo ni aibu. Siku moja ya kutembelewa, mzazi mmoja alisimama mbele ya yale matairi akaniambia, “Mwanangu, mimi nashinda gereji naziba matairi ya watu ili kijana wangu ayaepuke matairi. Leo nimefika shuleni, nakuta matairi!” Sikumjibu, maana si adabu mtoto kubishana na mzazi, na tena maneno yake yalikuwa na uchungu wa kweli. Wazazi wengi walitupeleka shule ili tutoke katika shida, kwa hiyo hawapendi kuona alama ya shida mlangoni mwa shule. Nayaheshimu mawazo hayo.

Lakini kwa heshima ile ile namwomba mzee wangu yule afikiri pamoja nami. Mama yangu huuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Huamka kabla ya alfajiri, na faida yake huipata kopo kwa kopo. Mimi sioni haya kwa kazi ya mama yangu, wala kijana wa mzee yule hana sababu ya kuona haya kwa kazi ya baba yake. Elimu haikuja kutufundisha kuzikimbia kazi za wazazi wetu kana kwamba ni ugonjwa. Ilikuja kutufundisha kuzitazama kwa akili, tuone ni nini zaidi chaweza kufanywa. Aibu ya kweli ingekuwa kumwambia mama yule atoe shilingi 6,000 ili twiga wa saruji apate kusimama mbele ya ofisi.

Na tupige hesabu. Tukichukua wanafunzi 600 kwa shilingi 6,000 kila mmoja, tunapata shilingi 3,600,000. Fedha hizo zingetosha kununua tangi la kukingia maji ya mvua pamoja na mabati ya mifereji yake. Kila mwanafunzi wa bweni ajua tabu ya kupanga ndoo asubuhi bomba linapokauka, na hali ziwa tunaliona kwa macho kutoka dirishani. Tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake za sekondari kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, ili mtoto asikose masomo kwa sababu ya umaskini wa kwao. Haifai ada itolewe mlangoni, kisha vyungu vya maua viingizwe dirishani. Kama wazazi wanaona vyema kuchangia kwa hiari yao, na kwa kibali kinachotakiwa, basi wachangie maji kwanza. Pambo la kununua lisilo na kazi ndilo wahenga walilosema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Neno lao la tatu ni afya. Hapa wapinzani wetu wana haki, nami nawaunga mkono bila kinyongo. Si kila kitu kilichotupwa chafaa kuwa pambo, na mtu akusanyaye bila kuchagua anafanya jalala, hafanyi bustani. Mwalimu wetu wa Biolojia alituonya tangu siku ya kwanza, na kanuni alizotupa tumezishika. Naziandika hapa, maana huenda mzazi mmoja akapenda kufanya bustani ya namna hii nyumbani.

Kwanza, chombo chochote kisishike maji. Mbu aenezaye homa ya dengue, ile iliyowasumbua sana watu wa Dar es Salaam mwaka 2019, hupenda kutaga katika makopo na matairi. Mayai yake hushikamana na ukuta wa ndani wa chombo, na yaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Matairi yetu yote yametobolewa chini na kujazwa udongo hadi juu.

Pili, kisitumike chombo kilichowekwa sumu. Makopo ya dawa ya kunyunyizia pamba yapo mengi vijijini kwetu, nayo yana rangi nzuri za kupendeza macho, lakini yasiguswe. Kadhalika betri kuukuu za magari, ambazo zina risasi na tindikali, na taa ndefu za mirija, ambazo zina zebaki. Katika matairi tumepanda maua tu, hatupandi mboga.

Tatu, tusiingie majini kutafuta makombe na magamba ya konokono, ijapokuwa yanapendeza. Katika ufuko wa Ziwa Victoria wapo konokono wabebao vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo humwingia mtu kwa kupenya ngozi akiwa amesimama majini. Hakuna ua linalostahili kununuliwa kwa ugonjwa wa kichocho.

Nne, chupa za kioo zifukiwe shingo chini, kitako juu, na ziwe nzima. Vipande vyenye makali vikae ndani ya saruji tu. Mabaki ya plastiki yasichomwe moto, kwa maana moshi wake ni sumu.

Tano, kila kitu kiombwe kwa mwenyewe. Mtumbwi ulioachwa ufukweni una mwenyewe. Nyavu nazo ziulizwe kwa viongozi wa mwalo, kwa sababu zipo zilizokatazwa na sheria, kama kokoro, na mtu akikutwa nazo ana kesi ya kujibu hata akisema ni za maua.

Wenye hofu juu ya afya nawaomba wafanye jambo moja: waje waikague bustani. Wakiona tairi lililoshika maji, waseme, nasi tutaling'oa siku ile ile. Lakini kosa la tairi moja ni sababu ya kuling'oa tairi moja, wala si sababu ya kuing'oa bustani nzima.

Hapo nimekumbuka habari ya mtu mmoja wa India, aliyeitwa Nek Chand. Alikuwa mkaguzi wa barabara katika mji wa Chandigarh, mji mpya uliopangwa na msanifu mashuhuri Le Corbusier. Ili mji ujengwe, vijiji vya zamani vilibomolewa, na vifusi vyake vikatupwa. Kuanzia miaka ya 1950 Nek Chand alivikusanya kwa baiskeli yake baada ya saa za kazi: sahani zilizovunjika, bangili za kioo, chupa, mawe ya mtoni. Akavipeleka katika msitu uliokuwa mali ya serikali, na huko, pasipo ruhusa ya mtu, akatengeneza njia, kuta na mamia ya sanamu za watu na wanyama. Maofisa walipoigundua kazi ile katika miaka ya 1970, sheria iliwapa haki ya kuibomoa. Wapo waliotaka iwe hivyo. Lakini wananchi waliipenda, na wakubwa wa mji wakatumia busara. Mwaka 1976 bustani ile ilifunguliwa kwa watu wote, naye Nek Chand akapewa mshahara wa kuiendeleza pamoja na wafanyakazi 50. Alifariki mwaka 2015, na hadi leo watu wa nchi nyingi huenda kuitazama.

Sisi hatukujenga bila ruhusa, wala hatudai kuwa mafundi kama yeye. Nimeleta habari hiyo kwa sababu ya wale maofisa. Walisimama mbele ya kitu kilichotengenezwa kwa takataka, nao wakakitazama kilivyo, wasitazame kilivyokuwa zamani. Nawaomba wakubwa wetu wafanye vivyo hivyo.

Liko na jambo la ziwa letu. Mvua ikinyesha Mwanza, kila kilichotupwa milimani huteremka mitaroni, kikaingia Mto Mirongo unaopita katikati ya mji, na kutoka hapo kikaingia ziwani. Ziwa hilo ndilo tunalolinywa, na ndilo linalotupa sato, sangara na dagaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikatazwa Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na hilo limesaidia, lakini chupa na kandambili zingali zikielea kila pembe ya ufuko. Huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walitengeneza jahazi liitwalo Flipflopi kwa tani 10 hivi za mabaki ya plastiki, wakalipamba ubavuni kwa kandambili 30,000 zilizookotwa. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likaletwa katika Ziwa Victoria, likaanza safari yake Kisumu ili kuwaonya watu juu ya uchafu wa plastiki.

Sisemi kwamba bustani yetu itasafisha ziwa. Chupa tulizozifukia ni mia mbili na kidogo, na siku moja ya soko hutupwa nyingi kuliko hizo. Lakini mwanafunzi aliyeinama kuiokota chupa, akaiosha na kuipanga, hawezi tena kuitupa chupa ovyo kama zamani. Nimeliona jambo hili kwa vijana wa kidato cha kwanza. Walipofika Januari walitupa kila kitu dirishani mwa bweni. Sasa huja wakiuliza, “Kaka, hiki chafaa bustanini?” Mara nyingi nawaambia hakifai, wakipeleke shimoni. Hata hivyo wameuliza kwanza, na kuuliza huko ni elimu ambayo twiga wa saruji hawezi kuitoa.

Basi nataka kutoa shauri langu. Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani Novemba, kisha tutaondoka. Naomba bustani ikabidhiwe kwa kidato cha pili, ambao wana miaka miwili mbele yao, na kila bweni lipewe sehemu yake ya kumwagilia na kukagua. Naomba mchango wa vyungu uachwe. Na siku ya mahafali, badala ya kuificha bustani, wageni wapitishwe pale pale katikati yake, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili awaeleze kila kitu kilitoka wapi na sasa chafanya kazi gani. Yule mzee wa gereji akija, napenda yeye ndiye aelezwe kwanza, kisha aombwe atufundishe namna bora ya kukata tairi, maana sisi tulipata tabu nyingi, na yeye ndiye fundi.

Wageni wakicheka baada ya kusikia maelezo, na wacheke. Lakini nadhani wengi watauliza mchaichai ule tuliupata wapi, nasi tutawakatia kidogo waende nao nyumbani.

Mwanafunzi,
Kidato cha IV B